Mji Nilioachiwa

Ule ulikuwa mwaka wa makopa. Masika ilipita juu ya Kwale bila kushuka, mahindi yakafika magotini yakakauka yamesimama, na Mwabungo nzima, mwenye duka na asiye na duka, ikala mhogo mkavu uliopondwa kinuni. Asubuhi uji wa makopa, mchana sima ya makopa, jioni chai ya rangi na kulala. Idi yenyewe nilipika makopa kwa tui la nazi na kipande cha samaki mkavu wa ng'onda, nikawaambia watoto wa jirani kwamba hiyo ni pilau ya kizungu. Walicheka, wakala, wakalamba sahani.

Na mwaka huo huo mimi nilikuwa na mahindi tele. Yalikuwa ndani ya simu.

Sikusoma mimi. Nilitolewa shule ningali mdogo nikalee wadogo zangu, na hizi herufi nimezijua nikiwa tayari na wajukuu, kwenye darasa la watu wazima, nimekaa kwenye kidawati magoti yakigonga kidevu. Nasoma kwa kidole, na haya naandika kwa mwendo huo huo. Lakini kulea najua, na kuweka akiba najua kuliko wengi waliovaa tai. Mjukuu niliyemlea mwenyewe aliliona hilo, ndiyo maana aliniachia mji wake.

Mamake, binti yangu, alikufa akimwacha ananyonya. Nilimlea kwa maziwa ya mbuzi na uji mwembamba, akakua mrefu, mkaidi, mcheshi. Alikuwa akifua mashuka katika hoteli moja ya Diani. Wageni walipopungua wakapunguza wafuaji, akarudi nyumbani na simu yake kubwa yenye kioo kilichopasuka pembeni. Hapo ndipo alipoanza mji.

Ni mchezo wa mtandaoni. Unapewa kiwanja kitupu na kibanda kimoja, unalima, unakata mbao, unachonga mawe, unajenga. Watu wa dunia nzima wamo humo, kila mtu na mji wake. Humo hakuna cha haraka. Shamba linataka muda wake. Jumba kuu halipandi ngazi mpaka ukuta umepanda, ukuta haupandi mpaka machimbo ya mawe yamepanda, na machimbo hayapandi mpaka uwe na mbao za kutosha. Asiyekuwa na subira hununua almasi kwa pesa, akabonyeza, nyumba ikasimama papo hapo. Mjukuu wangu hakununua hata moja. Zile chache alizozawadiwa alizirundika kama mahari.

Kwetu mjukuu wa kike ni mke mwenza wa bibi yake, kwa kuwa babu ni mume wa wote wawili. Babu alishakufa, kwa hiyo tulibaki kugombania kaburi.

"Mke mwenzangu," akaniita siku moja, "njoo uone tunavyokula raha."

"Humo kwenye simu? Nani anakula humo?"

"Askari."

"Kazi yao nini?"

"Kulinda mahindi."

"Na mahindi ni ya nini?"

"Ya kuwalisha askari."

"Basi hao ni kama mume wetu, Mungu amrehemu."

Alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo nikawa namkalia ubavuni. Majina yalikuwa ya Kiingereza, nikayapa yangu. Ghala nikaliita uchaga, kama ule uchaga wa miti juu ya meko tunakowekea mahindi ya mbegu yapate moshi. Kundi la wachezaji wanaosaidiana nikaliita chama. Mwenzako akijenga, unabonyeza kidole, kazi yake inafupika kidogo, kama akina mama wanavyosaidiana kukandika nyumba. Nilibonyeza kwa kila mtu. Sikuwajua, lakini mtu akijenga hupiti ukamwangalia tu.

Halafu akaja wakala wa kazi za Uarabuni. Mtu safi, sauti laini, anasalimu vizuri. Sikumpenda. Lakini mahindi yalikuwa yamekwisha kukauka, na mtoto alisema, "Bibi, unataka nikae hapa nikuhesabie makopa?" Akaenda. Simu yake ile akaniachia mimi, akapewa nyingine ndogo ya safari.

Mlangoni, begi kichwani, akanishika mkono. "Nitunzie mji wangu. Usikimbilie. Na uchaga usiache ukajaa bila ngao, watakuja kuuiba." Ngao ni ulinzi unaouwekea mji, miji mingine isiweze kuuvamia. Huisha baada ya muda, lazima uiweke tena.

"Unanifundisha mimi kuweka mahindi?" nikamwambia. Akacheka, akapanda tuktuk.

Alipiga simu mwanzo mwanzo. Mara ya mwisho alipiga kwa namba nisiyoijua, ananong'ona kama mtu aliye msikitini.

"Bibi, shikamoo. Simu yangu wameichukua. Hii nimeazima kwa mwenzangu wa nyumba ya pili, naye anaondoka."

"Marahaba. Wanakulisha? Unakula?"

"Sikiliza, Bibi. Mtoto wa nyumba hii ana simu pana ya kuchezea. Huniachia akichoka. Nitaingia mjini kwetu kupitia hiyo. Lakini usiniandikie neno humo. Mamake huikagua. Akikuta maneno asiyoyajua nitapata taabu."

"Nitajuaje kama ni wewe?"

"Utatolewa."

Ikakatika.

Mji mmoja hauwezi kufunguliwa na watu wawili kwa wakati mmoja. Mwingine akiingia, wewe unatupwa nje na kioo kinaandika maneno ya Kiingereza. Sikuyajua maneno yale lakini niliijua sura yake, kama unavyoijua sura ya mtu anayekuja njiani kabla hujaona uso.

Asubuhi moja, baada ya sala ya alfajiri, nimekaa barazani navuna, kioo kikanitupa nje. Nilipiga kigelegele. Jirani akatoka na upawa mkononi akiuliza nani anaolewa. Nilikaa nikasubiri mjukuu wangu amalize, kama mtu anavyosubiri mwenzake atoke bafuni. Niliporudi mjini nikakuta kisima kimehamishwa. Mimi nilikuwa nimekiweka karibu na jiko, mahali pa kisima. Yeye alikisogeza mpaka langoni, kwa kuwa tangu zamani alikuwa akisema hapo ndipo panapopendeza. Nikakirudisha jikoni. Baada ya siku kidogo nikatupwa nje tena, nikarudi, nikakuta kisima kiko langoni. Tuligombana hivyo miezi. Sijawahi kufurahia ugomvi kama ule. Bosi wake angetazama asingeona kitu, ni mtoto anachezea nyumba. Mimi nilikuwa naona mjukuu wangu yu hai, ana mikono, na ukaidi wake haujatolewa.

Bombani wanawake walinicheka.

"Ajuza huyu siku hizi anacheza gemu!"

"Shoga, huko kwenye simu kumenyesha?"

"Kumenyesha," nikasema. "Nimevuna jana."

"Basi tuletee pishi moja tusonge sima."

"Leteni sufuria iliyo kwenye simu."

Walicheka na mimi nikacheka, matumbo yetu yote yakinguruma.

Kisha akafa dada yangu, huko Vanga alikoolewa. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wetu na hakuacha binti. Mfiwa mkuu nikawa mimi. Kwetu mfiwa hukaa mkekani. Hapiki, hachoti maji, hashiki kazi, na mchezo ndio kabisa hauguswi. Unakaa, watu wanakuja, mnalia, mnasomewa hitima, mpaka matanga yaondolewe. Na kabla ya kwenda msibani mwanamke hujaza nyumba: mtungi ujae, kuni zijae, uchaga ujae, asije mtu akakuta nyumba tupu akasema huyu alikuwa mvivu.

Nikafanya hivyo nyumbani. Na kwenye mji nikafanya hivyo hivyo. Nikavuna mashamba yote, mbao zote, mawe yote, nikajaza uchaga mpaka ukakataa. Nikaweka ngao ndefu kuliko zote nilizokuwa nazo. Nikazima simu, nikaifunga kwenye leso, nikaitia sandukuni. Sikuibeba. Ningeibeba vipi? Nikae mkekani pa dada yangu nikitazama kisima? Naambiwa leo ningeibeba. Nasema hapana. Dada yangu alikuwa na haki ya macho yangu yote.

Ila msiba wa Vanga una njia yake. Matanga yalipoondolewa gari halikupita kwa ubovu wa barabara. Tukakaa. Ngao ikaisha nami niko huko, kati ya mikoko na mbu.

Niliporudi niliwasha simu kabla ya kuvua buibui. Mji ulikuwa umeungua. Uchaga mtupu, sakafu imefagiwa. Ukuta umebomolewa upande wa lango. Walikuja wengi, inaonekana, maana mji uliojaa bila ngao harufu yake inafika mbali.

Hilo lingeniuma likapita. Lakini niliangalia vizuri. Moto ulikuwa umezimwa. Ngao mpya ilikuwa juu. Na almasi zote, zile alizozirundika kama mahari, zimekwisha kwa kuinunua. Mwizi hazimi moto. Aliyezima alikuwa yeye. Aliingia akakuta mji unawaka, hakuna mtu anayevuna, hakuna aliyekigusa kisima. Alisubiri, nafikiri. Kisima alikuwa amekihamisha yeye mwenyewe karibu na jiko, mahali ninapopataka mimi.

Na mlangoni mwa mji kuna kibao, mwenye mji huandika atakalo. Siku zote kilikuwa kitupu. Sasa kilikuwa na maandishi. Nikaweka kidole, nikasoma herufi moja moja.

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Nikauliza kwa sauti, peke yangu chumbani, "Kafa nani?" Halafu nikafahamu. Nimekufa mimi.

Nimewahi kusoma majina ya watu kwenye makaburi. Sijawahi kudhani nitasoma taazia yangu mwenyewe. Nilikaa kitandani na buibui langu la safari. Nilikuwa nimetoka kulizwa na kufarijiwa, nimeshikwa mikono na Vanga nzima, nimepikiwa na kusomewa. Na mtoto wangu wakati huo huo, katika nyumba ya watu, anadeki na kulea wana wasio wake, ananiombolezea mimi bila mkeka. Hana wa kumwambia pole. Ameazima kioo cha mtoto mdogo aandike maneno ambayo mama wa nyumba hatayashangaa, kwa sababu hayo hata yeye anayajua. Mji wenyewe aliuwekea ngao kama unavyolifunika kaburi.

Nikafuta maandishi. Nilitaka kuandika "Mimi mzima." Kidole kilikuwa tayari juu ya herufi. Nikakumbuka alivyoninong'onezea. Nikaacha.

Nikasubiri kutolewa.

Sikutolewa. Siku ile, na iliyofuata. Nilikaa na simu tangu alfajiri mpaka jua linapokuwa kali, bando linaisha, naweka jingine kwa akiba ya vitumbua vya zamani, sikuwa tena navyo vya kuuza, maana unga ulikuwa dhahabu. Mtandao wa huku unapoyumba kioo huwa cheusi, na kila kilipokuwa cheusi nilikisogeza karibu na macho. Nilikuwa naangalia sura ya maneno. Siyo yale. Ni mtandao tu. Nilianza kuuchukia mtandao kama mtu.

Na kwa nini aingie? Mtu huingia nyumbani kwao kumsalimu aliyemo. Anajua aliyemo hayupo.

Basi nikafikiri, kama siwezi kumwandikia neno, nitamwandikia kazi. Akipita mara moja tu, hata kwa kuchungulia, aone mkono wa nani umejenga. Kila mchezaji aliyevamiwa huanza na ukuta. Mimi nilianza na uchaga. Mpumbavu gani anaanza na uchaga? Mimi tu, na yeye anajua, alinicheka kwa hilo mara ngapi. Nikapanda mahindi kuzunguka jumba lote, mpaka mlangoni, kama tunavyopanda huku. Wakata mbao nikawaweka nyuma, wasitupigie kelele. Sikununua almasi. Kila kitu nikakiacha kichukue muda wake. Nyumba ndogo kwanza, kisha kubwa, mbao hizi za machimbo, mawe haya ya ukuta, na sigusi ya kesho. Nilikuwa nikijenga na kulia. Jumba kuu nililipandisha ngazi wakati ndani ya nyumba yangu ya kweli sina chumvi.

Kisima nikakipeleka langoni. Anapopataka yeye. Nikasema akikiona hapo atajua mimi ni mzima, maana maiti haikubali kushindwa.

Hakukirudisha.

Mwanangu, mjomba wake, anaendesha tuktuk Ukunda. Si mtu mbaya, nisiseme. Alikwenda ofisi ya yule wakala akakuta mlango umefungwa na kibao kimeng'olewa. Alikwenda kwa chifu, akaambiwa aandike barua serikalini. Ikaandikwa. Haikujibiwa. Akaja siku moja kabla ya adhuhuri, akiwa na kijana aliyemleta ndani ya tuktuk.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Huyu nani?"

Yule kijana, mtu wa bara, kofia kaigeuza nyuma. "Shosho, niaje?"

Nikamtazama. Nikaendelea kumtazama mpaka kofia ikatoka na mdomo ukapata adabu. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Keti."

Mwanangu akavuta kigoda. "Mama, huyu hununua miji. Ile ya mchezo. Wapo watu wanaotaka mji uliokwisha kukua, hawana subira ya kuanza chini. Nimemwambia habari ya ule wako."

Kijana akaomba kuuona. Nikamfungulia, simu sikuitoa mkononi. Akainama, macho yakamtoka. "Hii jumba umefikisha hapa bila kununua almasi? Aki wewe! Hii ni kazi ya miaka, shosho. Bibi. Lakini mbona kisima iko kwa gate?"

"Ndipo kinapopendeza."

Akataja bei. Sitaitaja. Ilikuwa ya kutosha mtu kuacha makopa.

"Mama," mwanangu akasema, "si kula tu. Kwa pesa hii naweza kwenda Nairobi, kwenye ofisi kubwa ya hao mawakala. Nikae mlangoni mpaka waseme mtoto yuko nyumba gani. Hapa tumekaa tu. Wewe unavuna mahindi yasiyolika, mimi watoto wangu wamelala na chai."

Alisema kweli. Ndiyo maana iliuma. Nikamgeukia yule kijana.

"Ukiununua, mwenye mji akijaribu kuingia kutoka huko aliko, ataweza?"

"Hapana. Nitabadilisha neno la siri. Lazima, bibi, ndio biashara."

"Kwa hiyo atakuta mlango umefungwa."

"Eeh. Ataona tu haingii."

"Na hatakutoa nje."

Hakunielewa. Mwanangu alinielewa, akatazama chini.

"Tangu wachukue simu yake," nikamwambia mwanangu, "nani amekuletea habari za mtoto huyu? Wakala? Chifu? Barua?"

"Mama, ni mchezo."

"Ni mchezo. Nami nakuuliza, nani mwingine?"

Kijana akaongeza bei, pole pole, kama mtu anayemwekea mgonjwa chakula mdomoni. Akasema ataniacha niwe naingia kuangalia, siku moja moja. Akasema miji ni mingi, atanianzishia mwingine.

"Mji huu siuzi. Mwenyewe hajarudi."

Kijana akavaa kofia yake, akatoka kusubiri kwenye tuktuk. Mwanangu hakusimama. Alikaa pale kwenye kigoda, mtu mzima mwenye mvi za kwanza, akafunika uso. Mabega yakaanza kutikisika. Sikumwona akilia hivyo hata tulipomzika dada yake. Nilitaka kumshika, lakini mkono mmoja ulikuwa na simu na mwingine haukunyanyuka.

"Mama," akasema ndani ya viganja, neno ambalo nyumba nzima tulikuwa tumelizunguka bila kulikanyaga, "na kama hayuko hai?"

Nje yule kijana alipiga honi. Nilitazama kioo. Mahindi yalikuwa yameiva, nikayavuna. Nikaweka ngao.

"Mji huu siuzi. Mwenyewe hajarudi."